Kadi ya Grafiki Ndiyo Hulaumiwa Kwanza

Kati ya mwaka 2023 na 2024 wachezaji wa magemu katika nchi nyingi walianza kukutana na ujumbe uleule. Gemu linafunguka, linajipakia, na kabla mchezo wenyewe haujaanza linajifunga na kuacha maneno ya kusema kwamba kumbukumbu ya video imekwisha. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye kadi za grafiki za gigabaiti 24, ambazo gemu lile lisingezijaza hata lingetaka. Wakafanya yote ambayo mtu hufanya akiambiwa hivyo. Walifuta draiva wakaiweka upya, wakarudi kwenye draiva ya zamani, wengine wakarudisha kadi dukani wakapewa nyingine. Ujumbe ukawangoja palepale.

Kadi hazikuwa na kosa. Aprili 2024 Nvidia iliwaelekeza wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 waliokuwa wakipata ujumbe huo wawasiliane na Intel. Mwaka huohuo Intel ikaeleza kilichotokea: prosesa zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi, na saketi moja ndani yake ilikuwa ikichakaa kabla ya wakati. Sasa, data za gemu huhifadhiwa zikiwa zimebanwa, na anayezifungua ni prosesa. Prosesa iliyochakaa ilizifungua vibaya, maagizo yaliyokuwa yakienda kwenye kadi yakafika yamevurugika, na gemu, kwa kukosa maneno mengine, likasema kumbukumbu ya video imekwisha. Tiba ilitolewa kwa njia ya sasisho la BIOS, Agosti na tena Septemba 2024, na Intel ikaongeza waranti kwa miaka 2. Sasisho lilizuia uharibifu mpya tu. Prosesa iliyokwisha kuumia haikupona.

Nimetanguliza kisa hiki kwa sababu sura hii haihusu sana namna ya kutengeneza kadi ya grafiki. Inahusu namna ya kujua kama ni kadi kweli. Kila kinachoharibika ndani ya kompyuta hujitokeza kwenye skrini, kwa hiyo kila ugonjwa hufika kwa fundi ukiwa na sura ya ugonjwa wa picha. Na kwa kuwa mara nyingi kadi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani ya kasha, kosa la kuilaumu bure ndilo kosa linalogharimu zaidi.

Safari ya picha haina mambo mengi. Programu inaeleza inachotaka kionekane, draiva inayageuza maelezo hayo kuwa amri ambazo chipu ya kadi hiyo inazielewa, chipu inachora ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, kebo inasafirisha, skrini inaonyesha. Prosesa na RAM zinalisha mwanzo wa safari, na pawa saplai inalisha vyote.

Katikati ya safari hiyo Windows imeweka saa. Tangu Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, kadi hupewa sekunde 2 za kumaliza kazi iliyopewa au kuiweka kando ili nyingine ipite. Sekunde hizo zikiisha bila jibu, Windows haiulizi tena. Inaisimamisha draiva na kuiwasha upya. Wewe unaona skrini imekuwa nyeusi kidogo, picha inarudi, na pengine kijiujumbe kwamba draiva ya skrini iliacha kujibu na sasa iko sawa. Ukienda Event Viewer utalikuta tukio hilo limeandikwa kwa namba 4101. Draiva ikishindwa kuamka, au mambo yakijirudia zaidi ya mara 5 ndani ya dakika 1, ndipo inakuja skrini ya bluu. Namba utakayoiona mara nyingi ni 0x116, na chini yake jina la faili: nvlddmkm.sys ikiwa kadi ni ya Nvidia, amdkmdag.sys au atikmdag.sys ikiwa ni ya AMD.

Watu wakiliona jina hilo hufunga kesi. Wanasema draiva ni mbovu, kwani si imetajwa jina? Lakini faili hiyo ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa saa ilipoisha. Aliyeichelewesha hajatajwa. Chipu iliyopungukiwa umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, joto, RAM mbovu, kazi nzito ya 3D, na draiva ambayo kweli ina kasoro, vyote huishia kwenye 4101 ileile. Utasikia ushauri wa kuingia kwenye rejista ya Windows na kuongeza zile sekunde 2. Kwa mtu wa 3D mwenye kadi nzima ushauri huo una msingi, na Adobe yenyewe huutoa kwa watumiaji wa programu zake za 3D za Substance. Kwa kompyuta inayoganda mtu akitazama video tu, utakachopata ni kuganda kwa sekunde 10 badala ya 2.

Skrini ikiwa nyeusi na hujui kama kompyuta iko hai, bonyeza Caps Lock utazame taa yake kwenye kibodi. Ikiwaka na kuzimika, mashine inakusikia na tatizo liko upande wa picha. Kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo ni amri ya kuiwasha upya draiva ya grafiki bila kuzima kompyuta. Utasikia mlio mfupi, na kama ni draiva pekee iliyokwama, kazi yako itarudi ikiwa salama. Inashangaza ni watu wangapi wanaofanya kazi kwenye Windows 10 na 11 kila siku wasiojua kwamba amri hii ipo.

Tuje kwenye swali ninalolipa uzito kuliko yote: kasoro inaonekana kabla draiva haijaamka, au baada yake?

Unapowasha kompyuta, nembo ya mtengenezaji na kurasa za BIOS huchorwa kwa programu ndogo iliyochomwa ndani ya kadi yenyewe. Windows haijaamka, na draiva yake ingali imelala kwenye diski. Kwa hiyo chochote kibaya utakachokiona dakika hiyo hakiwezi kuwa kosa la draiva, hata ubadilishe draiva mia. Ingia BIOS, kaa hapo, tazama kwa makini. Kadi ambayo kumbukumbu yake inakufa huandika alama zake hapohapo: vidoti vya kijani au zambarau vilivyojipanga kwa safu kana kwamba vimepimwa kwa rula, mistari ya wima inayorudi kwa umbali uleule, herufi moja iliyogeuka kuwa nyingine katikati ya neno. Upangaji huo ndio dalili kubwa, kwa sababu kumbukumbu imegawanywa katika chipu kadhaa, na chipu moja ikiharibika inaharibu sehemu yake ya picha kwa mpangilio usiobadilika. Skrini yenye matatizo yake yenyewe mara nyingi haina nidhamu ya namna hiyo.

Ikiwa BIOS ni safi, nembo ya Windows inazunguka vizuri, halafu skrini inazimika pale ambapo dawati lingepaswa kutokea, basi umeona wakati halisi draiva inapokabidhiwa usukani. Washa kompyuta katika Safe Mode. Huko Windows haitumii draiva ya Nvidia wala ya AMD. Inatumia ya kwake ya akiba, ile inayojiita Microsoft Basic Display Adapter, na ndiyo maana kila kitu huonekana kikubwa na kizito. Picha ikipatikana huko, kebo na skrini kwa sehemu kubwa zimejitoa kwenye orodha ya washukiwa.

Hapa wengi huenda mbio. Mashine inashinda Safe Mode mchana kutwa bila tatizo, wanahitimisha kwamba kadi ni nzima na draiva ndiyo mbovu. Hapana. Bila draiva yake, chipu inafanya kazi kidogo sana. Haichori 3D, haipandi mwendo, haivuti umeme wa maana. Kadi yenye lehemu iliyopasuka inaweza kupumzika humo siku nzima bila kulalamika.

Kuna jaribio lingine ninalolipenda kwa sababu halina gharama. Vidoti au mistari ikitokea ndani ya Windows, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, ihifadhi, itume kwenye simu yako. Usiitazame kwenye skrini ileile. Kama vidoti vinaonekana hadi kwenye simu, basi vilichorwa ndani ya kumbukumbu ya kadi kabla picha haijatoka, na unazungumza na kadi au draiva yake. Kama picha kwenye simu ni safi, uharibifu umetokea baada ya hapo: tundu la kutolea picha, kebo, au skrini. Nimeona watu wakikaribia kuuza kadi nzima kwa sababu ya kebo ya HDMI iliyokunjwa nyuma ya meza.

Kutokuwa na picha kabisa ni jambo la namna nyingine, na sababu zake nyingi ni za aibu kidogo. Mhariri mmoja wa video za harusi, mtu wa Dar es Salaam, aliwahi kunipigia jioni akiwa na kazi ya kukabidhi kesho yake.

"Fundi, kadi uliyoniambia ninunue imekufa kabla haijafanya kazi. Feni inazunguka, picha hakuna."

"Pole, kaka. Kebo ya skrini umeichomeka wapi?"

"Nyuma ya kompyuta."

"Nyuma sehemu gani? Kule juu penye matundu ya USB, au chini kwenye kadi?"

Akanyamaza. Nikasikia kiti kinasogezwa, kitu kinagonga meza, kisha sauti ya Windows ikifunguka. "Fundi," akasema, "tusimwambie mtu."

Ile HDMI ya juu ni ya madabodi, na inatoa picha pale tu prosesa inapokuwa na grafiki ndani yake. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i3-10100F na i5-12400F, hazina. Ryzen 5 3600 na 5600X nazo hazina. Kwa kompyuta hizo tundu lile ni pambo. Na hapa kuna jambo la kuzingatia wakati wa kununua: mwenye prosesa yenye grafiki ndani yake anayo njia ya kupima bila kuazima kitu. Achomoe kadi kabisa, achomeke kebo juu, awashe. Kompyuta ikitulia kwa siku kadhaa bila kadi, ameshajua mengi. Tofauti ya bei kati ya prosesa yenye F na isiyo nayo kwa kawaida ni ndogo, na mimi humshauri mteja ailipe.

Kadi ikiwa imechomekwa sawa na bado kimya, itoe kwenye sloti utazame meno yake ya dhahabu. Mafundi wetu huyasugua kwa ufutio wa penseli, na ingawa wenye vyeti huwacheka, njia hiyo inafanya kazi, hasa pwani ambako hewa ya chumvi na unyevu hufanya utando juu ya chuma. Tumia ufutio mweupe laini. Ule mgumu wa kufutia wino unakwangua, na tabaka la dhahabu ni jembamba mno. Malizia kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi ya isopropili, kwa sababu vumbi la ufutio likibaki kwenye sloti utakuwa umejitengenezea tatizo jipya. RAM nazo zitoe uzirudishe wakati kasha liko wazi. RAM iliyokaa vibaya huleta skrini nyeusi inayofanana kabisa na ya kadi iliyokufa, na madabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo vinavyoonyesha kuwasha kumekwama kwenye prosesa, RAM, kadi au diski. Vitazame kabla ya kufungua skrubu yoyote.

Sasa umeme, ambao kwa maoni yangu husababisha nusu ya yale tunayoyaita matatizo ya draiva.

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zimekwishatumika ofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, ila zilitengenezwa ziandike barua, si kuchora 3D. OptiPlex 9020 ndogo, ile ya kulala, ina pawa saplai ya wati 255. Ile ya kusimama ina wati 290. Wala hazina waya wa pini 6 au 8 wa kulishia kadi kubwa. Ndiyo sababu GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, bado inatafutwa hadi leo: inatumia wati 75 tu, na wati 75 ndicho kiwango ambacho sloti ya PCIe inaruhusiwa kutoa. Unaichomeka, basi.

Shida huanza mtu anapotaka zaidi. Ananunua RX 580, ambayo hutumia wati 185 na inadai plagi ya pini 8. Muuzaji anampa kiunganishi cha bei ya soda kinachogeuza plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, kuwa plagi ya kadi. Piga hesabu. Plagi ya SATA imeundwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Sloti ikitoa kila inachoweza, bado zinabaki wati 110 zinazotakiwa zipite kwenye waya wa wati 54. Kwenye dawati la Windows hakuna kitakachotokea, kadi imelala. Gemu likifunguliwa, plastiki ya plagi inalainika, volti inashuka, chipu inakosa jibu ndani ya sekunde 2, na Windows inaandika kwamba draiva iliacha kujibu. Ukifungua kasha utasikia harufu kabla hujaona kitu.

Wala shida hii si ya vifaa vya mtumba peke yake. RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022, kadi ya wati 450 inayolishwa kwa plagi mpya moja ya hadi wati 600, wiki chache hazikupita kabla picha za plagi zilizoyeyuka hazijaanza kuenea. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa plagi ambayo haikusukumwa mpaka mwisho, na mwaka 2023 kiwango cha plagi hiyo kikarekebishwa: pini ndogo za kuhisi zikafupishwa ili kadi isivute umeme plagi ikiwa imeingia nusu. Kwa hiyo sukuma mpaka isikike, kisha iname uitazame kwa ubavuni.

Namna ya kumkamata mwizi wa umeme ni hii. Kompyuta ikizimika ghafla na kujiwasha bila skrini ya bluu, Event Viewer itakuandikia Kernel-Power 41. Usiitafsiri zaidi ya inavyosema, maana inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Pakua MSI Afterburner, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwa kadi za kampuni zote, ushushe kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 65 au 70. Cheza au hariri kama kawaida. Kuzimika kukikoma, acha draiva zako kwa amani na uitazame pawa saplai, hasa ikiwa ni zile nyepesi zilizobandikwa stika ya wati 500 zisizozidi uzito wa kitabu. Kuzimika kusikokoma hakumtoi mtu kwenye orodha, lakini kunabadilisha nani wa kumhoji kwanza. Wenye UPS nao wasome stika vizuri: VA 650 kwa kawaida ni wati kati ya 325 na 390. Kompyuta inayozimika umeme ukikatika gemu likiwa limefunguliwa, lakini inayodumu ukikatika mtu akiandika barua, imezidi uwezo wa UPS, hakuna zaidi.

Yote haya hayamaanishi draiva ni malaika. Katika kesi ya Marekani kuhusu nembo ya Vista Capable, nyaraka za Microsoft zilizotolewa mwaka 2008 zilionyesha kwamba katika matukio ya Vista kukwama yaliyorekodiwa mwaka 2007, karibu asilimia 29 yalitokana na draiva za Nvidia. Za Microsoft yenyewe zilikuwa karibu asilimia 18. Vista ilikuja na muundo mpya kabisa wa draiva za grafiki, na waandishi wa draiva walikuwa wakijifunza mbele ya wateja. Machi 2010 Nvidia iliondoa draiva yake ya 196.75 kwa sababu ilivuruga mwendo wa feni, na kadi zikapata joto la hatari. Aprili 2025 ikatoa 576.02, ambayo iliondoa skrini nyeusi zilizokuwa zikiwasumbua wenye kadi mpya za RTX 50, na ikaja na kasoro yake: kompyuta ikilala na kuamka, kipimo cha joto cha kadi kinaganda kwenye namba ya zamani. Draiva mpya zaidi ni mpya zaidi, basi. Kama kompyuta ilikuwa nzima Jumatatu na Jumanne draiva ikajisasisha, rudi kwenye ya Jumatatu kabla hujafanya lolote lingine.

Kubadilisha draiva kwa usafi kuna utaratibu, na mpangilio wake una sababu. Kwanza pakua draiva unayoitaka kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, uiweke tayari kwenye diski. Faili za Nvidia za siku hizi huzidi MB 600, kwa hiyo mwenye kutumia bando atafanya vizuri kuihifadhi kwenye flashi badala ya kuipakua kila mara. Kisha chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoharibu zoezi zima: mara tu draiva ya zamani inapoondoka, Windows Update huona pengo na kuleta ya kwake, ambayo mara nyingi ni ya zamani zaidi, na unaishia na draiva ambayo hukuichagua. Ingia Safe Mode, endesha Display Driver Uninstaller, ambayo wote huiita DDU, acha ifute, kompyuta ijiwashe, weka draiva yako. Intaneti irudi mwisho. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta na kusasisha draiva zako zote kwa kubofya mara moja, sina neno jema juu yake. Hazijui zaidi ya Windows yenyewe, na nyingi zinataka pesa.

Kadi za zamani zina mwisho wao. Kadi za Nvidia za kizazi cha Fermi, yaani GTX 400 na 500, ziliachwa mwaka 2018 kwenye mfululizo wa draiva za 390. Kepler, GTX 600 na nyingi za 700, ziliishia kwenye mfululizo wa 470 mwaka 2021. Ukilazimisha draiva ya leo kwenye kadi hizo kisakinishi kitakuambia hakioni kadi inayofaa, na kitakuwa kinasema kweli.

Hilo linatuleta kwenye kisa ambacho draiva hulaumiwa kumbe ndiyo pekee inayosema ukweli. Mtu ananunua GTX 1050 Ti ya bei nzuri mno. Windows inaisoma kwa jina hilohilo. Anapakua draiva ya 1050 Ti, inakataa, au inakubali halafu Device Manager inaonyesha alama ya njano na Code 43, ambayo maana yake ni kwamba Windows imekisimamisha kifaa kwa kuwa kimeripoti matatizo. Anaenda kwa fundi kutafuta draiva inayofaa. Haipo. Kadi ni GTS 450 au GTX 550 Ti ya zamani iliyochomwa BIOS ya uongo ili ijitambulishe kwa jina la mdogo wake. Tangu toleo la 2.12, la Oktoba 2018, programu ya GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina ikizitambua kadi za namna hiyo. Angalia pia idadi ya viini: 1050 Ti halisi ina 768, GTS 450 ina 192. Na hata kabla ya kuwasha, igeuze kadi utazame matundu yake. Kizazi cha Pascal, ambacho ndicho cha 1050 Ti, chipu zake haziwezi kutoa picha ya analogi. Kadi inayojiita 1050 Ti na ina lile tundu la bluu la VGA, itilie shaka nzito hapohapo dukani.

Joto nalipita haraka kwa kuwa linapimika. Fungua HWiNFO au GPU-Z, tazama namba kazi ikiwa nzito. Kadi nyingi za Nvidia za kizazi cha 1050 Ti huanza kujipunguza mwendo karibu na nyuzi 83. Kwa kadi zake za RX 5700 AMD ilisema nyuzi 110 kwenye sehemu yenye joto kali zaidi ya chipu ni jambo la kawaida, kwa hiyo usiogope namba bila kujua ni ya kadi gani na ya sehemu ipi. Safisha vumbi, zuia feni kwa kidole unapopuliza ili isizunguke ovyo, badilisha pesti ya joto iliyokauka. Ikipoa na ugonjwa ukaisha, umemaliza.

Kuna kadi ambazo kweli zinakufa. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu, nyingi za kompyuta mpakato, ambazo malighafi za kuiunganisha chipu na kibao chake kidogo zilikuwa dhaifu. Zikipata joto na kupoa kila siku, viungio vikapasuka. Kuanzia miaka ile ikaenea desturi ya kuioka kadi kwenye jiko, na kweli kadi huamka. Huamka kwa siku chache au wiki kadhaa, kwa sababu joto linasogeza ufa ukagusana tena, na ufa wenyewe uko ndani ya chipu ambako lehemu mpya chini yake haifiki. Anayekuuzia kadi "iliyofufuliwa" anakuuzia wiki hizo. Na jiko linalopika chakula cha nyumbani si mahali pa kuchomea vipande vya elektroniki.

Kabla ya kuizika, jaribu kuishusha mwendo. Kwa Afterburner punguza mwendo wa kumbukumbu kwa MHz 500, kisha mwendo wa chipu kwa MHz 100, kimoja kwa wakati, ukitazama kama vidoti vinapungua. Vikipungua kwenye kumbukumbu, umejua ni chipu za kumbukumbu zinazochoka, na pengine kadi itakuvusha hadi upate pesa ya nyingine.

Hiyo nyingine, kwa wengi wetu, itakuwa ya mtumba. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kuhitaji kadi za grafiki kwa uchimbaji, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Kazi ile haiui chipu lazima. Feni na pedi za joto za kumbukumbu ndizo huchoka zaidi. Nenda na flashi yenye GPU-Z na programu ya kuipa kadi mzigo. Iwashwe mbele yako, uone BIOS kwanza, halafu mzigo kwa robo saa, sikio likiwa kwenye feni na jicho kwenye joto. Muuzaji akikuambia leo dukani hakuna umeme, mwachie kadi yake urudi siku umeme upo.